Kwa Nini Kamba Hufa Katika Tangi Ambalo Samaki Wanastawi

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani anaweza kukaa muda mrefu bila kupoteza hata samaki mmoja, kisha akanunua kamba watatu na kuwapoteza wote kabla ya mwezi kwisha. Vipimo vyake vinaonyesha kwamba amonia haipo, nitriti haipo, matumbawe yamechanua na samaki wanakula vizuri. Anapouliza, hupewa majibu yanayogongana: huyu anamwambia aongeze iodini, yule anamwambia maji yake yana shaba, na wa tatu anamwambia kwamba kamba ni viumbe dhaifu ambao hufa tu bila sababu. Jibu hilo la mwisho si la kweli. Kamba wa kwenye matumbawe ni mnyama mvumilivu anayeweza kuishi miaka kadhaa ndani ya tangi, ila udhaifu wake hauko pale ulipo udhaifu wa samaki. Mfugaji akielewa mambo mawili, yaani namna kamba anavyojivua gamba na namna mwili wake unavyohusiana na chumvi iliyomo majini, sehemu kubwa ya fumbo hili hufumbuka, na anaweza kupima mwenyewe ni ushauri upi una msingi.

Gamba

Kamba hana mifupa. Kinachoushikilia mwili wake ni gamba la nje, lililojengwa kwa kitini na protini na kukazwa kwa chumvi za kalsiamu, na gamba hilo likishakauka halitanuki tena. Kwa sababu hiyo kamba hakui kidogo kidogo kila siku kama samaki, bali hukua kwa vipindi: huliacha gamba la zamani, huvimba kwa kunywa maji wakati gamba jipya bado ni laini, kisha jipya hukauka likiwa na nafasi ya ziada ambayo nyama itaijaza taratibu. Kamba mzima aliyelishwa vizuri hufanya hivyo kila baada ya wiki chache, na aliye bado mdogo hufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla. Chini ya gamba la zamani mwili hutengeneza jipya, huku ukifyonza sehemu ya kalsiamu kutoka katika lile la zamani na kulilegeza. Saa inapofika, mara nyingi usiku, gamba hupasuka mgongoni, pale kifua kinapokutana na tumbo, na kamba hujichomoa kwa mikupuo michache ya nguvu kama mtu anavyochomoa mkono kwenye glovu iliyobana. Hutoka na kila kitu: miguu, vipapasio, kifuniko cha macho, utando wa nje wa matamvua na hata utando wa ndani wa tumbo la chakula. Asubuhi mwenye tangi hukuta juu ya mchanga umbo kamili la kamba, lenye sharubu zake zote, limelala ubavu bila kutikisika, naye hudhani kwamba kamba wake amekufa. Namna ya kutofautisha ni rahisi: gamba tupu huonekana kupenya mwanga, ni jepesi kiasi cha kupeperushwa na mkondo wa pampu, na lina ufa mgongoni. Kamba aliyekufa kweli hupoteza ung'avu, nyama yake hugeuka nyeupe au ya waridi, na samaki pamoja na konokono humjia haraka. Basi kabla ya kuhuzunika, tazama nyuma ya mawe na chini ya vibao vya matumbawe, kwa maana mwenyewe huenda amejificha huko.

Kujificha huko si tabia ya kupuuzwa. Kwa saa kadhaa baada ya kujivua gamba, kamba ni laini mwili mzima, hawezi kujitetea, na samaki aliyekuwa akimheshimu jana anaweza kumng'ata leo. Tangi lisilo na mapango na nyufa za kutosha humlazimisha kupitisha saa hizo mahali pa wazi, na vifo vingi vinavyoitwa vya ghafla hutokea wakati huo. Siku hiyo usimfukuze, usipangue mawe, usibadilishe maji. Gamba tupu unaweza kuliacha au kuliondoa; likibaki siku moja halidhuru chochote.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mimi hulipenda sana katika habari hii. Katika kitako cha vipapasio vidogo, kamba wa aina kadhaa wana kifuko chenye chembe za mchanga ndani yake, na mgandamizo wa chembe hizo juu ya vinywele vya kifuko ndio unaowajulisha upande upi ni juu na upi ni chini. Utando wa kifuko hutoka pamoja na gamba, chembe zikapotea, na kamba hulazimika kuweka nyingine. Mwaka 1893 mwanafiziolojia Alois Kreidl aliwapa kamba wa jenasi ya Palaemon, waliotoka kujivua gamba, vumbi la chuma badala ya mchanga. Waliliweka kifukoni, na alipowasogezea sumaku waligeuza miili yao kuifuata nguvu ya sumaku, wakiamini kwamba chini kumehamia upande mwingine. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazonifanya nipendelee tangi lenye tabaka la mchanga mwembamba, hata kama ni jembamba tu, kuliko lenye kioo kitupu chini.

Nani basi anayetoa amri ya kuvua gamba? Ni homoni za jamii ya steroidi, hasa ile iitwayo ekdisoni na jamaa zake, zinazotengenezwa na tezi iliyo kichwani. Tezi hiyo huzuiwa na homoni nyingine inayotoka katika vikonyo vya macho, na pale kizuizi kinapopungua ndipo safari ya kuvua gamba huanza. Habari hii ina matokeo mawili kwa mfugaji, na yote mawili yana uzito.

La kwanza ni kwamba steroidi hizo hutengenezwa kutokana na kolesteroli, na kamba, tofauti na sisi, hawezi kujitengenezea kolesteroli mwilini. Ni lazima aipate kwenye chakula. Kamba anayeachwa aishi kwa mwani na mabaki machache yanayoponyoka midomoni mwa samaki anaweza kuonekana mzima kwa miezi, kisha akakwama katikati ya kujivua, nusu ndani na nusu nje. Chakula chenye asili ya bahari, kama vile uduvi waliogandishwa, vipande vya kamba wengine, nyama ya ngisi au ya kombe, kina kolesteroli ya kutosha. Mara mbili au tatu kwa wiki, kipande chenye ukubwa wa jicho la samaki mdogo kikifikishwa kwa kibano hadi mbele ya kamba, kinatosha.

La pili linahusu iodini. Imekuwa desturi kuwashauri wafugaji waongeze matone ya iodini ili kamba wavue gamba salama, na ushauri huo umerudiwa hadi ukaonekana kuwa sheria. Lakini homoni zinazoongoza kazi hiyo hazina iodini ndani yake. Homoni zinazohitaji iodini ni zile za tezi ya shingoni kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Maji ya bahari yenyewe yana takriban miligramu 0.06 tu za iodini kwa lita, na kiasi hicho huingia tangini kupitia chumvi ya kuchanganya na kupitia chakula. Tone la ziada bila kipimo humsogeza mnyama kuelekea sumu, kwa kuwa iodini ni kiua vijidudu. Msimamo wangu ni kwamba asiyeweza kuipima asiiongeze, na anayebadilisha maji mara kwa mara hana haja nayo.

Kuhusu kalsiamu, hofu nayo huwa kubwa kuliko tatizo. Kamba hukaza gamba jipya kwa kalsiamu anayoichota majini, na maji ya bahari yana takriban miligramu 410 hadi 420 za kalsiamu kwa lita na takriban 1,300 za magnesiamu. Tangi ambalo matumbawe magumu yanakua ndani yake lina madini hayo kwa lazima, kwa sababu matumbawe yenyewe yasingekua bila hayo. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ukidumu katika digrii 8 au 9 za kipimo kiitwacho dKH bila kuyumba, hakuna kitu cha ziada ambacho kamba anakidai.

Chumvi, na lita moja inayopotea

Kamba wa kwenye matumbawe ametokea mahali ambapo maji karibu hayabadiliki. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, joto hupanda na kushuka polepole kwa majira, na mvua kubwa hupotea ndani ya bahari pana. Mwili wake umejengwa kwa utulivu huo. Damu yake iko karibu na maji yanayomzunguka kwa chumvi kuliko damu ya samaki, na uwezo wake wa kujirekebisha pale chumvi inapobadilika ghafla ni mdogo. Samaki mwenye mifupa hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa matamvua yake mchana na usiku, ndiyo maana mabadiliko ambayo samaki huyapitia bila kuonyesha dalili yanaweza kumlaza kamba ubavu.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya tangi dogo la lita 40. Maji yanapovukiza, kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi yote hubaki. Tangi likipoteza lita moja, chumvi ile ile iliyokuwa katika lita 40 sasa iko katika lita 39, na kiwango hupanda kutoka 35 hadi karibu 35.9. Mfugaji akisahau kwa siku tatu na kupoteza lita tatu, kiwango hufika karibu 37.8. Kisha anakumbuka, anachukua ndoo, na kumimina lita tatu za maji baridi yasiyo na chumvi kwa mara moja. Ndani ya dakika chache kiwango kinarudi 35, na mfugaji anaridhika kwamba amerekebisha mambo, kumbe amemshusha kamba ngazi tatu kwa pigo moja baada ya kumpandisha ngazi hizo hizo kwa siku tatu. Asubuhi anamkuta kamba amevua gamba kabla ya wakati, au hajamaliza kulivua. Samaki wote ni wazima, na vipimo vyote ni vizuri, kwa sababu alipima baada ya kujaza.

Hapo ndipo naona chanzo cha vifo vingi visivyoelezeka. Dawa yake haina ugumu: maji yaliyovukiza yajazwe kila siku kwa kiasi kidogo, na yawe maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa anayejazia maji ya chumvi huongeza chumvi juu ya chumvi. Kifaa cha kujaza chenyewe, chenye boya na pampu ndogo, ni ununuzi wa maana kuliko taa ya pili. Chumvi ikikutwa imepanda au imeshuka, isirudishwe kwa siku moja. Gramu moja kwa kila kilo ya maji kwa siku ni mwendo ambao kamba huumudu. Kipimo kizuri ni refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga, iliyosawazishwa kwa kimiminika cha kipimo cha 35, maana haidromita za plastiki zenye mshale hudanganywa na viputo vya hewa vinavyong'ang'ania mshale. Anayepima kwa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu alenge 1.025 hadi 1.026, na joto likae kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi.

Ubadilishaji wa maji nao uheshimu kanuni hiyo hiyo. Asilimia 10 kila wiki, kwa maji yaliyochanganywa siku moja kabla, yakatikiswa kwa pampu, yakafikishwa kwenye joto na chumvi ya tangi, humfaa kamba kuliko asilimia 40 mara moja kwa mwezi. Nitrati ikiwa chini ya miligramu 10 kwa lita inatosha kabisa. Kamba hahitaji maji matupu yasiyo na virutubisho, na matumbawe mengi pia hayayahitaji. Amonia na nitriti ndizo zisizovumilika hata kidogo, na kwa hiyo kamba asiwekwe katika tangi ambalo bakteria wake wa kuondoa sumu hizo hawajakomaa. Wiki nne hadi sita za kusubiri ni kima cha chini, na mimi ningengoja zaidi, hadi mwani wa kwanza uote na kupungua.

Saa ya kwanza

Kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ndiyo adui, safari kutoka dukani hadi tangini ni hatari kuliko mwezi mzima unaofuata. Wauzaji wengi huweka chumvi chini kidogo ya ile ya bahari, na tofauti ya 30 na 35 ni ya kawaida. Njia iliyozoeleka ni kumdondoshea kamba maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo au uliowekewa vali. Kila tone lina takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita, hivyo matone matatu kwa sekunde hutoa karibu mililita 540 kwa saa. Ikiwa mfuko ulikuja na nusu lita ya maji, saa moja huyafanya kuwa zaidi ya mara mbili, na saa mbili huyafanya kuwa zaidi ya mara tatu. Saa mbili ni muda mzuri, lakini usitegemee saa peke yake: pima chumvi ya chombo, na ikilingana na ya tangi ndipo umhamishe. Tumia kikombe badala ya wavu, kwani miiba na sharubu za kamba hunaswa katika nyuzi na kukatika, na maji ya mfuko usiyamimine tangini.

Njia hiyo, hata hivyo, ina mtego ambao huwapata wanaopokea wanyama kutoka mbali. Ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa nyingi, kamba hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo huyafanya maji yawe na asidi zaidi. Taka yake ya amonia nayo hujikusanya humo, lakini katika maji yenye asidi sehemu kubwa yake hugeuka kuwa amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Mfuko unapofunguliwa, hewa ukaa hutoroka, asidi hupungua, na amoniamu hurudi kuwa amonia yenye sumu, tena kwa haraka. Anayemweka kamba katika maji hayo kwa saa mbili za kudondoshea humweka katika sumu inayozidi kukua. Kwa safari ndefu, basi, ni bora kumwuliza muuzaji kiwango cha chumvi alichotumia, kuandaa mapema ndoo ya maji safi yenye chumvi na joto sawa na la mfuko, kumhamishia kamba humo mara mfuko unapofunguliwa, kisha kudondoshea maji ya tangi kwa utulivu. Kwa safari fupi ya saa moja au mbili njia ya kawaida haina shida.

Sumu ambazo samaki hawazioni

Kamba hubeba oksijeni kwa hemosianini, protini yenye shaba, na ndiyo maana damu yake hugeuka ya buluu inapokuwa na oksijeni. Ingawa shaba ni sehemu ya damu yake, shaba iliyoyeyuka majini humwua. Maji ya bahari ya wazi yana shaba isiyofika hata mikrogramu moja kwa lita, ilhali dawa za shaba za kutibu vimelea vya samaki hutumiwa kwa takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, zaidi ya mara mia moja ya kiwango hicho. Mbaya zaidi, mawe ya chokaa na mchanga hufyonza shaba na kuitoa taratibu baadaye, hivyo tangi lililowahi kutibiwa kwa shaba haliaminiki kwa kamba hata baada ya maji yote kubadilishwa. Samaki wagonjwa watibiwe katika tangi la pembeni, daima. Maji ya bomba yaliyopita katika mabomba ya shaba, na viungio vya shaba nyeupe katika mfumo wa pampu, ni njia nyingine za sumu hiyo kuingia. Mtambo wa kuchuja maji kwa utando, wenye kichujio cha mwisho cha kuondoa madini yote, huondoa hatari hiyo ya maji ya bomba.

Sumu ya pili, baada ya shaba, haizungumzwi inavyostahili. Kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu, na dawa za kupuliza za kuua wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, humwathiri kama zinavyowaathiri wadudu. Kifaa cha kutoa uchafu kwa povu na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha majini kutwa kucha. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa kabisa, na mkono uliopakwa mafuta ya kufukuza mbu usiingie majini.

Kamba yupi, na nani

Aina inayomfaa anayeanza ni Lysmata amboinensis, mwenye mgongo mwekundu uliopasuliwa na mstari mweupe na vipapasio vyeupe virefu. Hufikia sentimita 5 au 6, hutembea mchana bila woga, na akizoea hupanda juu ya mkono wa mfugaji kuusafisha. Lysmata debelius, mwekundu kama damu mwenye madoa meupe, ni mzuri sawa lakini ni mwenye haya, na katika tangi lenye mwanga mkali bila pango huonekana kwa nadra. Katika jenasi hii kamba huanza maisha akiwa dume, kisha hukua kuwa na viungo vya jinsia zote mbili kwa wakati mmoja. Hawezi kujirutubisha mwenyewe, ila wawili wowote waliokomaa ni wenzi wanaofaa. Kwa kuwa ni wanyama wa kupenda wenzao, ningenunua wawili tangu mwanzo.

Stenopus hispidus, mwenye pingili nyekundu na nyeupe na magando marefu, ni kisa tofauti. Huishi wawili wawili, dume na jike, na hawamvumilii mwingine wa aina yao. Kuweka wawili wasio wenzi ni kuweka mmoja wao afe. Magando yake huweza pia kuwakamata kamba wadogo, hasa wanapokuwa laini baada ya kuvua gamba, kwa hiyo asichanganywe na wale wenye urefu wa sentimita mbili, kama Thor amboinensis anayecheza mkia juu juu kwenye anemoni, mnyama laini wa baharini anayefanana na ua.

Wengi hununua kamba ili wawaondolee Aiptasia, anemoni ndogo inayoenea kama magugu. Kazi hiyo hufanywa na kamba wa kundi la Lysmata wurdemanni na ndugu yake Lysmata boggessi, wenye mistari mekundu inayofifia kwenye mwili unaopenya mwanga. Tatizo ni kwamba Rhynchocinetes durbanensis hufanana nao kwa mbali, na huyo hula nyama ya matumbawe laini na ya zile anemoni za vishada. Tazama kichwa: Rhynchocinetes ana mistari myeupe iliyokolea na vidoa kati ya mistari myekundu, macho makubwa, na mdomo wa mbele uliochongoka ambao huweza kukunjwa juu na chini. Hata Lysmata wa kweli hana uhakika wa kula Aiptasia kila mara, na akishibishwa chakula kingine huziacha.

Kamba bastola, wa jenasi ya Alpheus, anastahili makala yake mwenyewe. Hufumba gando lake kubwa kwa kasi inayozaa kiputo ndani ya maji, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mlio unaosikika hautokani na kugongana kwa gando bali na kuporomoka kwa kiputo hicho. Mwenye tangi asishtuke akidhani kioo kimepasuka. Alpheus randalli na jamaa zake huchimba shimo na kuishi humo pamoja na samaki mdogo wa Amblyeleotris au Stonogobiops. Kamba haoni vizuri, hivyo huacha kipapasio kimoja kikigusa samaki, na samaki akitikisa mkia wote huzama shimoni. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe, si juu ya mchanga, kwa kuwa mchimbaji huyu huweza kuyaangusha.

Hymenocera picta, mwenye madoa ya waridi na zambarau, simshauri mtu amnunue. Chakula chake ni viti vya pweza (nyota wa baharini) pekee, na asipopewa hufa njaa polepole mbele ya macho ya mwenye tangi huku akiwa amezungukwa na chakula cha kila namna.

Upande wa majirani, kikande, bunju, samaki simba, chewa wa aina yoyote, na samaki wa familia ya Cirrhitidae ambao huketi juu ya matumbawe wakivizia, wote humwona kamba kuwa mlo. Kamba msafishaji ana kinga kidogo kwa kazi yake: baharini hata chewa na mkunga humwachia aingie kinywani kuwatoa vimelea na ngozi iliyokufa. Ndani ya tangi kinga hiyo haina uhakika, hasa kwa kamba mpya anayetumbukizwa mbele ya samaki mwenye njaa. Mfugaji amwingize kamba taa zikiwa zimezimwa na samaki wakiwa wameshiba. Wala kazi hiyo ya usafi isichukuliwe kuwa tiba. Cryptocaryon irritans, kimelea kinachowaletea samaki madoa meupe, hukaa chini ya ngozi ambako gando la kamba halifiki, na kumnunua kamba ili aponye ugonjwa huo ni kuchelewesha matibabu.

Mayai

Lysmata wawili wanaolishwa vizuri hubeba mayai karibu mfululizo. Mmoja akijivua gamba, mwenzake humrutubisha katika saa zinazofuata, na mayai huonekana chini ya tumbo yakiwa na rangi ya kijani kibichi, yakipepewa na vimiguu vya kuogelea. Baada ya takriban wiki mbili hufifia na kuonyesha macho madogo, na usiku taa zikishazimwa mabuu mamia huachiliwa. Karibu wote huliwa na samaki na matumbawe au kuvutwa na pampu kabla ya asubuhi, na hilo si kosa la mfugaji.

Anayetaka kuwalea ajue kwamba mabuu ya Lysmata amboinensis huelea kwa miezi kadhaa kabla ya kuwa kamba kamili, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini wengi wanaouzwa bado huvuliwa baharini. Kundi la Lysmata wurdemanni hukomaa kwa haraka zaidi na huzalishwa kibiashara, hivyo ndilo la kuanzia. Mama ahamishiwe katika chombo cha peke yake siku moja au mbili kabla ya mayai kuanguliwa, arudishwe mara tu baada ya hapo, na mabuu yawekwe katika chombo cha mviringo chenye mkondo laini unaoyazungusha bila kuyabandika ukutani, yakilishwa artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, walioanguliwa siku hiyo hiyo. Kiwango cha chumvi cha chombo hicho, chenye lita chache tu, kipimwe asubuhi na jioni.